Soketi Iliyokatwa

Kuna sensa ya oksijeni ambayo haikutengenezwa kwa gari moja maalumu. Wauzaji wa spea huiita ya kufunga gari lolote, na huja kwenye boksi dogo ikiwa haina soketi. Ukilifungua boksi unakuta kichwa cha chuma chenye nyuzi za kufungia, ncha yenye vitundu vya kupokelea moshi, na nyaya nne zinazoning'inia. Pembeni kuna kifuko cha viungio vya nyaya na karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kutupwa katika gereji nyingi, na ukiondoa sensa yenyewe, ndiyo yenye thamani kuliko vyote vilivyomo.

Sensa iliyotengenezwa kwa gari lako hasa huja na soketi mwishoni mwa waya. Soketi ile inaingia mahali pamoja tu, kwa upande mmoja tu. Huwezi kuigeuza wala kuichomeka kwingine. Aliyeichora kule kiwandani alishaamua kwa niaba yako waya upi uende wapi, akayafunga maamuzi yake ndani ya plastiki. Nimeshika umeme wa magari Ilala kwa miaka mingi, na imani yangu juu ya jambo hili imezidi kukomaa: anayekata soketi anajitwika maarifa ya yule aliyeichora. Bei ya sensa isiyo na soketi imeshuka kwa sababu muuzaji amekuachia wewe sehemu ya kazi. Ukiwa na maarifa hayo, umepata spea nzuri kwa pesa kidogo. Usipokuwa nayo, umenunua hasara.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimesikia mara nyingi sensa hii ikidharauliwa, na nimeona mara nyingi ikifungwa ovyo, na mambo hayo mawili yanatokana na chanzo kimoja.

Mteja aliyenifanya nilifikirie jambo hili kwa kina alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu wa Gongo la Mboto mwenye Toyota IST ya mwaka 2003. Kila anayeishi Dar es Salaam anazijua IST. Ukisimama kituoni dakika chache tu zitakupita kadhaa. Mama alifika asubuhi, nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanieleza shida yake kwa mpangilio mzuri kuliko wateja wengi. Taa ya injini ilikuwa imewaka tangu kabla ya mvua za masika. Petroli iliyokuwa ikimtosha wiki nzima sasa ilikuwa ikiisha Alhamisi. Gari likiwa barabarani linakwenda vizuri, lakini likikaa kwenye foleni ya Tazara linaanza kunguruma kwa uzito na kutoa harufu ya petroli mbichi. Alikuwa ameshapita gereji nyingine, wakambadilishia plagi na kusafisha nozeli, na taa haikuzimika.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Wengi wetu tunachomeka mashine ya kupimia kabla mteja hajamaliza sentensi, na hapo tunapoteza nusu ya jibu. Alichosema juu ya foleni ya Tazara kilikuwa kimeshanielekeza pa kwenda. Mashine iliponipa msimbo P0135, yaani hita ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega ya kusafishia moshi haifanyi kazi, ilikuwa inathibitisha alichokwisha kukisema mama.

Ili ieleweke kwa nini, inabidi nieleze sensa hii inafanya nini, na nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana ni chombo kinachostahili kuheshimiwa.

Ndani ya ncha ya sensa kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu pande zote mbili. Upande wa nje unaguswa na moshi unaotoka kwenye injini. Upande wa ndani unaguswa na hewa safi. Kauri ile ikiwa baridi haisemi lolote. Ikishapata joto la nyuzijoto 300 na zaidi, oksijeni huanza kupita ndani yake, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzaa umeme mdogo sana. Petroli ikizidi, moshi unabaki na oksijeni kidogo, na volti hupanda hadi karibu 0.9. Petroli ikipungua, oksijeni hubaki nyingi, na volti hushuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ya gari inaangalia volti hiyo kila wakati. Ikiona imevuka 0.45 kwenda juu, inapunguza petroli. Ikiona imeshuka chini ya hapo, inaongeza. Hivyo injini nzima inatembea kama mtu juu ya ukuta mwembamba, mara aegemee huku, mara kule, asianguke. Lengo ni kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, kwa sababu masega yaliyomo kwenye bomba la moshi hayawezi kusafisha sumu zote kwa pamoja isipokuwa mchanganyiko ukiwa karibu sana na hapo.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoifikisha sensa hii kwenye magari ya kuuzwa, na Volvo ikatangulia kuifunga mwaka 1976, kwa ajili ya soko la Marekani, ambako jimbo la California lilikuwa limekaza sheria za moshi. Zile za mwanzo zilikuwa na waya mmoja tu na hazikuwa na hita. Zilitegemea moshi wenyewe uzipashe. Hilo lina maana kwamba injini ikiwa baridi, au gari likisimama muda mrefu likiunguruma polepole, sensa ilipoa na kunyamaza, na kompyuta ikabaki kukisia. Inapokisia huwa inamimina petroli zaidi, kwa usalama wa injini. Hita iliwekwa baadaye ili kuondoa tatizo hilo: waya mwembamba ndani ya kauri unaopashwa kwa umeme wa betri. Ndiyo maana sensa nyingi leo zina nyaya nne, mbili za hita, moja ya ishara na moja ya asi ya ishara, yaani njia yake ya kurudi.

Basi IST ya mama ilikuwa imerudishwa kwenye zama za kabla ya hita. Barabara ikiwa wazi, moshi ulikuwa wa moto wa kutosha na sensa ilifanya kazi. Akifika Tazara, magari yakasimama, sensa ilipoa, na petroli ikamwagika bure. Jiji lenye foleni kama letu humwadhibu mtu mwenye hita mbovu kuliko mji wa watu wachache. Nilipochomoa soketi ya sensa na kuweka mita kwenye nyaya mbili nyeusi, zile za hita, haikusoma kitu. Sensa za aina hii za Toyota, zikiwa zimepoa, hutakiwa kusoma kati ya omu 11 na 16. Hita ilikuwa imekatika, hapakuwa na mjadala.

Nikamweleza mama njia tatu. Anunue orijino yenye soketi yake, ambayo siku hiyo bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile isiyo na soketi. Anunue ya mtumba kutoka kwenye injini zilizokatwa, ambazo pale Shaurimoyo hazikosekani. Au anunue ya kufunga gari lolote, nami niiunge kwenye soketi yake ya zamani.

Njia ya pili nilimkataza pale pale. Mimi sina tatizo na spea za mtumba. Mlango, taa, jenereta, hata injini nzima nimefunga za mtumba na zikadumu. Lakini sensa ya oksijeni ni kitu kinacholika. Kila siku inaoshwa na moshi, inapakwa masizi, inapigwa na majivu ya oili inayoungua. Ya mtumba imeshatumia umri wake kwenye gari la mtu mwingine, na inaweza kuwa nzima kwa mita lakini nzito kujibu. Sensa nzito ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu iliyokufa inawasha taa, na ile nzito inaweza kukulia petroli mwaka mzima bila kusema.

Mama akauliza swali la kialimu: ile isiyo na soketi, ndani yake ni tofauti na ile ya bei kubwa? Nikamjibu kwamba kwa gari lake, ikiwa ni ya mtengenezaji anayeaminika, kiini ni kilekile cha zirkonia, volti ni zilezile, nyuzi za kufungia ni zilezile za milimita 18. Tofauti iko mwishoni mwa waya. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye soketi." Sijapata kusikia mtu akiieleza kazi hii vizuri kuliko vile.

Sasa nifike kwenye rangi, maana hapo ndipo magari ya watu yanapoumia.

Sensa iliyokuwa kwenye IST ile ilikuwa ya Denso, kama Toyota nyingi. Kwa Denso, nyaya mbili nyeusi ni za hita, wa buluu ni wa ishara, mweupe ni wa asi ya ishara. Sensa mpya tuliyonunua ilifuata mpangilio wa rangi wa Bosch, unaotumiwa pia na watengenezaji wengine. Huko nyaya mbili nyeupe ndizo za hita, mweusi ni wa ishara, na wa kijivu ni wa asi ya ishara. Angalia mtego uliopo. Mweusi wa huku ni hita, mweusi wa kule ni ishara. Mweupe wa huku ni asi, mweupe wa kule ni hita. Fundi anayeunga mweusi kwa mweusi na mweupe kwa mweupe, kwa nia njema kabisa, anapeleka umeme wa betri wa volti 12 kwenye kauri inayofanya kazi chini ya volti moja. Nimeletewa gari lililofanyiwa hivyo. Sensa ilikuwa mpya, boksi lake bado lilikuwa kwenye buti, nayo ilikuwa imekufa siku ileile ilipofungwa. Mwenye gari alikuwa ameshaapa kwamba sensa za aina hii ni feki zote.

Hii ndiyo sababu ninashikilia kwamba karatasi ile isitupwe. Hata ikiwa kwa lugha usiyoisoma, jedwali la rangi linasomeka. Safu moja ni sensa mpya, safu nyingine ni watengenezaji wa sensa za zamani, na mstari mmoja unakwambia waya upi uende kwa upi.

Karatasi nayo ina mpaka wake. Inazungumzia rangi za nyaya za sensa ya zamani. Haizungumzii rangi za nyaya za gari upande wa pili wa soketi, ambazo huwa na mpangilio wake mwingine kabisa. Ukikata soketi uache mkia wa kutosha wa nyaya za sensa ya zamani, na ulinganishe na huo mkia. Tena ujiulize kama sensa unayoitoa ndiyo iliyotoka na gari Japani, au iliwahi kubadilishwa. Kama iliwahi kuungwa, rangi unazoziona ni za fundi aliyekutangulia, na huna sababu ya kumwamini bila kupima.

Kupima kwenyewe si kugumu. Kwenye sensa nzima, nyaya mbili zinazosoma omu chache kati yao ndizo za hita. Ya mama ilikuwa imekatika hita, kwa hiyo mita isingenionyesha jozi hiyo, nikapima upande wa gari: injini ikiunguruma, tundu lenye volti 12 ni la hita, tundu linaloonana na bodi ya gari ni la asi ya ishara. Nikapata yaleyale yaliyokuwa kwenye jedwali. Nyaya mbili za hita hazina wa kwanza wala wa pili, zinaweza kubadilishana. Hizo nyingine hazisamehi.

Kijana wangu wa gereji, aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA na mikono mizuri sana ya kulehemu, alikuwa ameshachomeka pasi ya umeme na kunyoosha risasi. Nikamwambia aizime. Alishangaa, maana kwingine kote nimemfundisha kwamba kiungo kilicholehemiwa ndicho kiungo.

Nikamweleza nilichofundishwa na mzee aliyenilea kazini. Nimeshasema kwamba upande wa ndani wa kauri unahitaji hewa safi ya kulinganisha na moshi. Hewa hiyo inatoka wapi? Katika sensa nyingi za siku hizi, ambazo mwili wake umezibwa maji yasiingie, hewa inapita ndani ya waya, kwenye nafasi ndogo zilizopo kati ya nyuzinyuzi za waya, chini ya ganda la plastiki. Ukiyeyusha risasi juu ya nyuzinyuzi hizo, inanyonywa ndani na kuziba njia. Sensa inabaki na hewa iliyochakaa, na polepole inaanza kusema uongo. Hali kadhalika ukipaka grisi kwenye pini za soketi, au ukinyunyizia dawa ya kusafishia pini: mvuke wake unafuata njia ileile hadi kwenye kauri. Kisha nyaya za baadhi ya sensa ni za chuma kisichoshika kutu, na risasi haishiki vizuri juu yake hata ungelazimisha.

Kwa hiyo kiungo ni cha kubana. Nilimwachia kijana aunge, nikasimama karibu. Alikata nyaya nne kwa urefu tofauti, kila mmoja ukipitana na mwenzake kwa kama upana wa vidole viwili, ili viungio visikae sambamba vikatengeneza uvimbe mmoja, na ganda la kimoja likichubuka kisigusane na jirani yake. Akamenya waya bila kukata hata uzi mmoja. Akaingiza kiungio, akabana kwa koleo lake maalumu, si kwa plaizi, kisha akavuta kila waya kwa nguvu kuhakikisha haung'oki. Akashusha mpira wa kusinyaa juu ya kila kiungo na kuupasha taratibu hadi gundi yake ikachungulia pande zote mbili. Gundi ile kuchungulia ni muhimu. Dar es Salaam ina mvua za masika na madimbwi yanayofika kwenye milango, na maji yakiingia kwenye kiungo kile yanatengeneza kutu ya kijani ambayo kwa ishara ya chini ya volti moja ni ukuta kamili.

Urefu wa waya nao tuliupima kabla ya kukata chochote, kwa kuutandaza kutoka kwenye sensa hadi kwenye soketi. Katika injini ya IST bomba la moshi liko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, na sehemu ile ina joto kali. Waya ukiwa mrefu utalalia manifodi na kuungua. Ukiwa mfupi utavutika kila injini inapotikisika.

Kuitoa ya zamani kulichukua muda kuliko kuunga mpya, kama kawaida, na sina mengi ya kusema juu yake. Injini iwe na uvuguvugu, mafuta ya kulegeza kutu yapewe nafasi, spana ya 22 iwe ile yenye mpasuo wa kupitishia waya. Nyuzi za mpya zipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania, ambayo mara nyingi huja imeshapakwa kiwandani, na grisi hiyo isiguse ncha kabisa.

Tulipowasha gari na kuangalia kwenye mashine, ishara ilianza kucheza mapema, kabla hata injini haijashika moto. 0.2, 0.7, 0.3, 0.8, ikipanda na kushuka bila kuchoka. Nikaliacha gari liungurume pale pale muda mrefu, kwa makusudi, kuiga foleni ya Tazara. Haikulala. Nikamwita mama aje aone namba zikicheza, kwa sababu ninaamini mteja ana haki ya kuona alichokilipia, na kwa sababu yeye angeelewa.

Wakati wa malipo aliuliza, bila ugomvi, kwa nini ufundi wangu ulikuwa na bei kubwa kuliko kufunga sensa yenye soketi. Nikamwambia nimetoza kazi ya soketi. Akacheka, akalipa.

Baada ya gari lile nimefunga sensa za aina hii nyingi, na kuna jambo moja limenikera zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Sensa inahukumiwa kwa makosa ya wengine. Bomba la moshi likiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi na kusema petroli ni kidogo. Inasema kweli juu ya kile inachokiona, lakini fundi anaibadilisha, na mpya nayo inasema vilevile. Injini ikila oili, majivu yake yanaiziba. Gasketi ikifungwa kwa silikoni ya kawaida, mvuke wa silikoni unaifunika kauri kwa utando ambao hautoki tena. Ukifunga mpya bila kuuliza ya zamani ilikufa kwa nini, umeweka mfungwa mwingine kwenye chumba kilekile.

Zamani kulikuwa na muuaji mkubwa kuliko hawa wote, risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli. Inaua platinamu ya sensa na ya masega kwa pamoja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayouza petroli ya risasi kwa ajili ya magari. Algeria ilikuwa ya mwisho kuacha. Petroli ya risasi ilipokuwa bado inauzwa kwetu, sensa hizi zisingekuwa na maisha. Leo zinaweza kuishi, na sisi wenyewe tunazing'oa. Kuna gereji zinachomoa sensa na kuiacha ining'inie, zinatoa balbu ya taa ya injini kwenye dashibodi ili mteja asisumbuke, zinakata masega na kuyauza. Mtu anaendesha gari hilo kupita mbele ya shule ya watoto wake. Hilo siwezi kulifanya kwa pesa yoyote, na kijana anayefanya kazi kwangu anajua kwamba akilifanya tumeachana.

Bado kuna magari ambayo boksi hili dogo siyafungulii. Kijana mmoja aliniletea Toyota mpya zaidi, akiwa ameshanunua sensa ya kufunga gari lolote baada ya kusikia sifa zake kwa ndugu yake. Nyaya nne, nyuzi zilezile, ingeingia bila shida. Lakini sensa ya mbele kwenye gari lake haikuwa ya oksijeni ya kawaida. Ilikuwa ile inayopima uwiano wa hewa na petroli kwa upana, ambayo kompyuta huisoma kwa mkondo wa umeme na si kwa volti zinazopanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Ukimfungia ya zirkonia ya kawaida mahali pale, kompyuta inasikia lugha isiyoijua na kuharibu mchanganyiko wote. Toyota wenyewe wanazitofautisha kwenye namba ya spea: zinazoanza na 89465 ni za oksijeni, zinazoanza na 89467 ni zile za uwiano. Baadhi ya Nissan za miaka ya 1990 nazo zilikuwa na sensa za titania, ambazo hazizalishi umeme bali hubadilisha ukinzani, na hizo pia hazikubali mbadala wa zirkonia. Kuna hata Toyota ambazo sensa yake hushikwa na nati mbili badala ya nyuzi.

Nikamwonyesha ile 89467 kwenye namba ya spea ya gari lake. Alikuwa na haraka, aliomba tujaribu tu. Nikamwambia arudishe boksi dukani likiwa halijafunguliwa na aagize yenye soketi yake. Aliondoka hajafurahi. Sensa hiyo ilipofika aliileta kwangu, nikatoa ya zamani, nikafunga mpya, nikachomeka soketi bila kukata hata waya mmoja, na nikamtoza pesa ya kufungua na kufunga peke yake.